Kutaka ukamilifu na motisha ya mazoezi kwa wanariadha

Kutaka ukamilifu katika michezo ni tabia ya mwanamichezo ya kujiwekea viwango vya juu sana na kujihukumu kwa ukali kila asipovifikia. Motisha ya mazoezi ni msukumo unaomfanya aende mazoezini siku hata siku, hata pale ambapo mashindano bado yako mbali. Mambo haya mawili huchunguzwa pamoja katika saikolojia ya michezo kwa sababu la kwanza linaweza kulijenga la pili au kulibomoa. Mtu yuleyule anayeamka alfajiri kwa hamu ya kufanya vizuri anaweza siku nyingine kubaki nyumbani kwa hofu ya kufanya vibaya.

Nchini Tanzania suala hili linaonekana wazi katika mbio ndefu, ambazo kwa miaka mingi zimetegemea zaidi wakimbiaji wa mikoa ya kaskazini na ya kati. Wanariadha wengi wa taifa hufanya mazoezi katika jiji la Arusha na kwenye miteremko ya Mlima Meru.

Matokeo makuu ya utafiti yanaweza kuelezwa kwa ufupi: kujiwekea viwango vya juu kwa kawaida hakumdhuru mwanamichezo. Kinachomdhuru ni hofu ya kukosea na fikra kwamba kosa linampunguzia thamani yake kama mtu.

## Maana

Ukamilifu ni hali ya kutokuwa na kasoro. Kutaka ukamilifu si sawa na bidii wala nidhamu, ingawa kwa nje vinafanana. Mwenye bidii hufanya kazi nyingi. Mwenye nidhamu hufuata ratiba. Mwenye kutaka ukamilifu huenda mbali zaidi: huifunga thamani yake pamoja na matokeo yake.

Tofauti hiyo inaonekana katika zoezi la kawaida la uwanjani. Kocha amempangia mkimbiaji mizunguko 10 ya mita 1,000, kila mmoja kwa dakika 3. Mkimbiaji anafanikiwa katika mizunguko 9, na wa 10 anaumaliza kwa dakika 3 na sekunde 4. Mwenye bidii tu ataona kuwa kazi ya siku imefanyika. Mwenye kutaka ukamilifu kwa namna ya afya ataandika sekunde hizo 4 katika daftari lake na kujiuliza zimetoka wapi. Mwenye kutaka ukamilifu kwa namna ya hofu atarudi nyumbani akikumbuka mzunguko mmoja tu, ule wa 10, na huenda jioni akatoka kuurudia peke yake ilhali miguu imekwisha kuchoka.

## Historia ya utafiti

Mwanasaikolojia Karen Horney, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alieleza mwaka 1950 jinsi mtu anavyoweza kuishi chini ya "lazima" nyingi anazojitwisha mwenyewe. Mwaka 1965 Marc Hollender alieleza kutaka ukamilifu kuwa ni kujidai, au kuwadai wengine, ubora unaozidi ule ambao hali yenyewe inahitaji.

Mwaka 1978 Don Hamachek alitofautisha aina mbili: ya kawaida, ambayo mtu hufurahia kazi yake na kuweza kulegeza viwango inapobidi, na ya kimaradhi, ambayo mtu haridhiki hata anaposhinda.

Katika miaka ya 1990 watafiti waliacha kuiona tabia hii kama kitu kimoja. Randy Frost na wenzake walitoa mwaka 1990 kipimo cha maswali 35 kinachogusa, pamoja na mengine, viwango binafsi, hofu ya makosa, mashaka juu ya kazi iliyofanyika, na matarajio na lawama za wazazi. Mwaka 1991 Paul Hewitt na Gordon Flett wa Kanada waligawanya tabia hii kwa kuangalia inakotoka na inakoelekea:

* mtu anajidai ukamilifu mwenyewe;
* mtu anawadai wengine ukamilifu;
* mtu anaamini kwamba wengine wanamdai yeye ukamilifu.

Aina ya tatu ndiyo inayohusishwa zaidi na msongo wa mawazo, kwa kuwa mtu hujiona yuko mbele ya mahakama isiyoridhika. Mwaka 2019 Thomas Curran na Andrew Hill walionyesha kwamba kati ya 1989 na 2016 aina zote tatu ziliongezeka miongoni mwa wanafunzi wa vyuo wa Marekani, Kanada na Uingereza, na ya tatu iliongezeka kuliko nyingine.

## Pande mbili za kutaka ukamilifu

Mwaka 2006 Joachim Stoeber na Kathleen Otto walipitia tafiti nyingi na kupendekeza mgawanyo ambao sasa unatumika sana. Kwa mujibu wao kuna pande mbili.

Upande wa kujitahidi ni ule wa kujiwekea viwango vya juu na kuvifuata. Huambatana mara nyingi na ratiba nzuri, uvumilivu na, katika baadhi ya michezo, matokeo bora.

Upande wa hofu ni ule wa kuogopa makosa, kutilia shaka kila kilichofanyika, na kuwaza wengine watasema nini. Huambatana na wasiwasi kabla ya mashindano, hasira baada ya kosa, na uchovu wa muda mrefu.

Pande hizi si watu wawili tofauti. Zinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa viwango tofauti, na mara nyingi hupanda pamoja. Mwanariadha mwenye viwango vya juu na hofu kidogo yuko katika hali njema. Mwenye viwango vilevile lakini hofu kubwa yuko hatarini zaidi, hata kama kwa muda matokeo yao yanalingana. Kwa sababu hiyo saa ya kocha peke yake haiwezi kuonyesha nani yuko salama.

## Aina za motisha

Nadharia inayotumika sana kueleza motisha ya mazoezi ilianzishwa na Edward Deci na Richard Ryan wa Marekani, na ilipata umbo lake katika kitabu chao cha mwaka 1985. Inasema kwamba swali la maana si mtu ana motisha kiasi gani, bali motisha yake ni ya namna gani. Kuna ngazi kadhaa kati ya kusukumwa na kupenda:

* Kusukumwa kutoka nje. Mtu hufanya mazoezi kwa ajili ya zawadi, mshahara, au kuepuka adhabu.
* Kujisukuma kwa hatia. Hakuna anayemlazimisha, lakini asipokimbia hujiona mbaya na mwenye aibu.
* Kuona faida. Mtu hapendi kila zoezi, ila anaelewa linamsaidia kufikia lengo alilolichagua.
* Kuwa sehemu ya nafsi. Mazoezi yanalingana na maisha anayotaka kuishi.
* Kupenda kwa ndani. Mtu hukimbia kwa sababu kukimbia kwenyewe kunamfurahisha.

Kwa mujibu wa nadharia hii motisha hudumu mahitaji matatu yanapotimizwa: uhuru wa kuamua, hisia ya kuweza, na uhusiano mwema na watu wengine.

Upande wa hofu huishi hasa katika ngazi ya pili, ile ya hatia. Mtu wa ngazi hiyo anaweza kufanya mazoezi mengi kuliko wenzake wote, na kwa nje huonekana mfano wa kuigwa. Lakini hatia ni kuni zinazowaka haraka. Akiumia, akashindwa mara mbili mfululizo au akabadilishiwa kocha, moto huzimika.

## Athari katika mazoezi

### Kuzidisha mazoezi

Mwili haupati nguvu wakati wa zoezi. Zoezi huuchosha mwili, nao hujijenga upya wakati wa kupumzika, kula na kulala. Mtu anayeona pumziko kuwa ni uvivu huikosa nusu ya pili ya kazi hiyo. Matokeo yake ni kasi inayoshuka huku juhudi zikiongezeka. Mwenye hofu huielewa vibaya dalili hiyo: anapoona amepungua kasi, huongeza mazoezi, na hali huzidi kuwa mbaya.

### Kuficha maumivu

Ufa mdogo katika mfupa wa muundi au wa mguu huanza kama maumivu madogo. Ukigunduliwa mapema, mapumziko ya wiki kadhaa huweza kutosha. Ukifichwa, mfupa unaweza kuvunjika na msimu mzima ukapotea. Wanariadha wanaoamini kwamba kuumia ni udhaifu huchelewa kusema.

Kwa hali hiyohiyo, wapo wanaopunguza chakula ili wawe wepesi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko juu ya upungufu wa nishati kwa wanamichezo: mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayofanya hudhoofika mifupa, kinga na homoni, na kwa wanawake hedhi huweza kukoma. Kukoma kwa hedhi si alama ya mazoezi mazuri, kama baadhi ya watu wanavyodhani. Ni sababu ya kumwona daktari.

### Kukwepa

Athari hii haitarajiwi na wengi. Hofu ya kukosea humfanya mtu afanye mazoezi machache zaidi. Huahirisha zoezi gumu mpaka ajisikie "tayari kabisa", hukwepa shindano ambalo anaweza kushindwa, au hujiandaa nusunusu ili akishindwa awe na sababu ya kusema. Kocha humwita mvivu, na lawama hiyo huongeza hofu ileile iliyomzuia.

### Kuchakaa

Kuchakaa kwa mwanamichezo ni hali ya kuchoka mwili na akili kwa muda mrefu, kujiona hafanikiwi, na kuuchukia mchezo alioupenda. Andrew Hill na Thomas Curran, katika uchambuzi wao wa mwaka 2016 uliokusanya tafiti nyingi, waliona kwamba upande wa hofu unaambatana na kuchakaa kwa kiwango cha kati hadi kikubwa, ilhali upande wa kujitahidi una uhusiano mdogo sana nako au hauna kabisa.

## Mazingira ya Arusha na Mlima Meru

Jiji la Arusha liko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru. Hewa ni ya baridi kiasi, barabara za vumbi ni nyingi, na miinuko huanza palepale mjini. Katika mwinuko mwili hupata oksijeni kidogo kwa kila pumzi, na wanaoishi huko kwa muda mrefu huzoea. Kwa sababu hizo wakimbiaji kutoka Manyara, Singida na kwingineko hukusanyika Arusha kwa mazoezi, na uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulioko katikati ya jiji ni mahali panapojulikana kwa riadha.

Mwinuko huo una funzo moja kuhusu ukamilifu. Muda wa mbio ndefu uliopatikana Arusha hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na muda wa mji ulio karibu na usawa wa bahari kwenye hali nzuri ya hewa, kwa kuwa hewa nyepesi hupunguza kasi. Mkimbiaji kijana anayesoma katika simu muda wa mabingwa wa Berlin au Valencia, kisha akajipima navyo kwenye barabara ya mlima, anajihukumu kwa kipimo kisicho chake.

Jambo la pili ni riziki. Kwa mkimbiaji wa Ulaya anayekimbia baada ya kazi, kushindwa ni huzuni ya wiki moja. Kwa kijana aliyeacha shamba la familia na kupanga chumba Arusha pamoja na wenzake, mbio moja ya nje ya nchi inaweza kubeba kodi ya nyumba, ada za wadogo zake na matumaini ya wazazi. Hapo hisia ya kwamba "wengine wananidai nisikosee" haitokani na mawazo tu, kwa kuwa deni lenyewe lipo. Ushauri wa kumwambia "usijali matokeo" haumsaidii. Kinachosaidia ni kupunguza uzito unaoning'inia kwenye mbio moja, kwa mfano kwa kuwa na ajira, elimu au ufundi mwingine. Majeshi yamekuwa sehemu ya jibu hilo nchini: Filbert Bayi, Juma Ikangaa na Alphonce Simbu wote walikuwa wanajeshi, wenye mshahara hata katika msimu mbaya.

Jambo la tatu ni kundi. Wakimbiaji wa Arusha kwa kawaida hukimbia pamoja. Kundi hutimiza hitaji la uhusiano na humwamsha aliyechoka. Lakini lina hatari yake: siku iliyopangwa kuwa nyepesi hugeuka mashindano, kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana amebaki nyuma.

## Mfano wa Momela: kilele na kurudi

Tofauti kati ya kuwa na lengo la juu na kung'ang'ania ukamilifu huonekana pia kwa wapandaji wa Mlima Meru. Safari huanzia lango la Momela katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500, karibu na maziwa ya Momela. Wapandaji hufuatana na askari wa hifadhi mwenye silaha kwa sababu ya nyati na wanyama wengine. Hulala katika kibanda cha Miriakamba, kwenye takribani mita 2,500, kisha katika kibanda cha Saddle, juu ya mita 3,500. Usiku wa manane huanza kupanda kuelekea kilele, ambacho kina zaidi ya mita 4,560.

Maradhi ya mwinuko hayachagui mwenye nguvu. Mwanariadha hodari anaweza kuumwa kichwa, kutapika na kupata kizunguzungu huku mtu wa kawaida aliye pembeni yake yuko salama. Dawa ya kuaminika dalili zinapozidi ni kushuka. Mpandaji anayeamini kwamba kutofika kileleni ni aibu ana sababu ya kuificha dalili hiyo kwa kiongozi wake, na maji yakijaa kwenye mapafu au ubongo ukivimba anaweza kufa. Viongozi wenye uzoefu huweka mapema saa ya kugeuka na kumweleza mgeni kwamba kilele ni nusu ya safari, na nusu nyingine ni kurudi Momela. Kanuni hiyo ndiyo ambayo makocha wazuri huitumia uwanjani: masharti ya kusimamisha zoezi hupangwa kabla ya zoezi kuanza, kichwa kikiwa bado kimetulia.

## Mifano kutoka riadha ya Tanzania

Mifano hii haielezi tabia ya ndani ya wanariadha wanaotajwa. Inaonyesha hali ambazo motisha hujaribiwa.

John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968. Alimaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Walioanza walikuwa 75, hivyo 18 hawakumaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio bali kuzimaliza. Kwa kipimo cha ukamilifu siku hiyo iliharibika tangu alipoanguka. Alibadilisha lengo akiwa njiani, akapata sababu mpya ya kuendelea. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, alishika nafasi ya 5 katika marathoni. Hata hivyo kisa chake hakimaanishi kwamba kila mwenye jeraha aendelee kukimbia. Olimpiki huja mara moja kwa miaka minne, ilhali zoezi la Jumanne lina Jumanne nyingine.

Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1975 aliweka pia rekodi ya dunia ya maili moja. Olimpiki ya Montreal ya 1976, ambayo pambano lake na John Walker lilisubiriwa na wengi, haikumkuta uwanjani kwa kuwa Tanzania ilikuwa kati ya nchi za Afrika zilizosusia. Mwaka 1980 mjini Moscow alirudi katika mbio nyingine, mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akapata medali ya fedha. Motisha iliyofungwa kwenye siku moja tu inaweza kuondolewa na jambo ambalo mwanariadha hana mamlaka nalo.

Juma Ikangaa alishika nafasi ya 2 katika Boston Marathon mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 alizidiwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde 1. Novemba 1989, kati ya kushindwa kwa pili na kwa tatu, alishinda New York City Marathon kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Ananukuliwa sana kwa wazo lake kwamba nia ya kushinda haina thamani bila nia ya kujiandaa.

Fabiano Joseph alipata medali ya fedha ya nusu marathoni ya dunia mwaka 2003 nchini Ureno na tena mwaka 2004 nchini India, kabla ya kuwa bingwa wa dunia mwaka 2005 huko Edmonton, Kanada.

Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida anayefanya mazoezi Arusha, alikuwa wa 5 katika Olimpiki ya Rio 2016, akapata medali ya shaba ya dunia London 2017, akawa wa 7 katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, na wa 17 Paris 2024. Aprili 2025 alikuwa wa 2 Boston. Tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo aliipa Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Walitenganishwa na mia tatu za sekunde, yaani sekunde 0.03, baada ya kilomita 42.195. Hakuna anayeweza kusema kwamba maandalizi ya aliyepata fedha yalikuwa na kasoro ambayo ya mshindi hayakuwa nayo. Mwanariadha anayepima mazoezi yake kwa rangi ya medali peke yake anatumia kipimo ambacho tofauti yake ni ndogo kuliko kupepesa jicho.

## Dalili za kuangalia

Kocha, mwalimu au mzazi anaweza kuona dalili hizi kabla mambo hayajaharibika:

* mwanariadha hawezi kutaja jambo hata moja jema baada ya zoezi;
* hufanya mazoezi ya siri juu ya yale aliyopangiwa;
* hujiona na hatia siku ya mapumziko;
* huficha maumivu, au huyataja baada ya mashindano tu;
* huahirisha au hukwepa vipimo vya muda;
* huacha zoezi lote likianza vibaya;
* ushindi humpa ahueni ya kutoshindwa, si furaha;
* usingizi na hamu ya kula hupungua kwa wiki kadhaa.

Dalili moja peke yake si ugonjwa. Zikiwa nyingi na zikidumu, hasa zikiambatana na huzuni nzito au kukataa chakula, anahitaji mtaalamu wa afya.

## Wajibu wa kocha, mwalimu na mzazi

Watafiti wa motisha, wakiwemo John Nicholls na Carol Dweck katika miaka ya 1980, walitofautisha lengo la kuwashinda wengine na lengo la kuimudu kazi. Mazingira yanayosifu maendeleo na juhudi huwafanya vijana wavumilie kushindwa. Yanayosifu mshindi peke yake huwafanya waogope. Mambo yafuatayo husaidia:

1. Kuandika pumziko katika ratiba kama zoezi. Mwenye kutaka ukamilifu hutii ratiba. Pumziko likiandikwa, atalitii.
2. Kutumia kiwango chenye nafasi. Badala ya "dakika 3 kamili", kocha aseme "kati ya 2:58 na 3:04". Kazi haipungui, lakini hofu hupungua.
3. Kuweka malengo ya namna ya kufanya pamoja na ya matokeo, kwa mfano kuanza taratibu au kunywa maji kila kituo.
4. Kueleza sababu ya zoezi na kumpa mwanariadha nafasi ya kuchagua. Hili hujenga uhuru wa kuamua.
5. Kuzungumzia kosa kama taarifa. Swali "nini kilitokea kilomita ya 30?" hufundisha. Swali "kwa nini umetuaibisha?" hufundisha kuficha.
6. Kujihurumia. Kristin Neff wa Marekani alieleza mwaka 2003 kwamba kujihurumia ni kujitendea kama mtu ambavyo angemtendea rafiki aliyeshindwa. Hakumaanishi kulegea.

Shuleni suala hili lina uzito wa pekee. Katika mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari, wanafunzi huchujwa kuanzia ngazi za chini hadi taifa. Wengi zaidi huishia njiani kuliko wanaofika mwisho. Mtoto wa miaka 14 anayeachwa na kuambiwa hana kipaji huweza kuacha michezo moja kwa moja, ilhali miili ya vijana hukua kwa nyakati tofauti na anayechelewa leo anaweza kuwa wa mbele baada ya miaka mitatu. Mwalimu anayemweleza amepiga hatua gani tangu mwaka jana humbakiza uwanjani.

Hekima hii si ngeni kwa wasemaji wa Kiswahili. Methali "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" inatetea juhudi. "Asiyekubali kushindwa si mshindani" na "Kuteleza si kuanguka" zinatetea uvumilivu wa makosa. Mwanariadha anahitaji zote tatu.

## Mjadala wa wataalamu

Wataalamu hawakubaliani kama kuna kutaka ukamilifu kuliko kwema. Flett na Hewitt wanatahadharisha kwamba hata upande wa kujitahidi unaweza kuwa hatari mtu anapokutana na kushindwa mfululizo, na kwamba kinachoitwa ukamilifu mwema ni bidii tu iliyopewa jina lisilo lake. Wengine, wakimfuata Stoeber, wanasema viwango vya juu vikitenganishwa na hofu vina faida. Patrick Gaudreau na Amanda Thompson walipendekeza mwaka 2010 kwamba jibu linategemea jinsi pande hizo mbili zinavyochanganyika ndani ya mtu.

Hoja nyingine inahusu mahali. Vipimo vingi vilitungwa Amerika ya Kaskazini na Ulaya, na maswali yake yanamchukulia mtu kama anayejidai peke yake. Katika jamii ambamo ushindi wa mmoja ni chakula cha wengi, madai ya wengine yanaweza kuwa mzigo na papo hapo yakawa sababu njema ya kuamka alfajiri. Kocha anayewafahamu ndugu wa mwanariadha wake huweza kutambua ni lipi kati ya hayo mawili linalomsukuma.

## Tazama pia

* Saikolojia ya michezo
* Riadha
* Marathoni
* Mlima Meru
* Hifadhi ya Taifa ya Arusha
* John Stephen Akhwari
* Filbert Bayi
* Alphonce Simbu